Tambi za Mafuta ya Vitunguu Majani, kwa Watu Wawili

Mlo wa jioni usio na nyama mara nyingi huharibika kwa sababu moja: mpishi anaogopa kwamba hautakuwa na ladha, kwa hiyo anarundika vitu. Karoti, hoho, njegere, kabichi, nyanya ya kopo, kitunguu saumu, binzari na kidonge cha mchuzi juu yake, vyote vinaingia kikaangoni ndani ya dakika tano. Vinatoa maji, na tambi zinaishia kulowa kwenye mchuzi ambao hata mpishi mwenyewe hawezi kusema ni mchuzi wa nini. Nyama haina kosa hapo kwa kutokuwepo. Kosa ni kwamba hakuna hata kitu kimoja kilichopewa muda wa kukolea.

Watu wa Shanghai walishalimaliza jambo hili kwa vitu vitano: tambi za ngano, vitunguu majani, mafuta, soya sosi na sukari. Ni chakula cha nyumbani na cha vibanda vya tambi, kinaliwa asubuhi, mchana au usiku, na hakimtoi mtu jasho mfukoni. Upishi wa mji ule unajulikana China nzima kwa kupenda mafuta, soya sosi na sukari, na bakuli hili linatosha kukuonyesha kwa nini: vitatu hivyo vikikutana na kitunguu kilichokaangwa taratibu, havihitaji msaidizi. Wapo wapishi wa huko wanaotia uduvi mkavu. Sisi tutauacha, na mbele kidogo nitaeleza cha kuweka mahali pake.

Nataka ukipike chakula hiki kabla hujafika sura nyingine za sehemu hii, maana kila kitakachofuata kinategemea unachojifunza hapa, yaani kukaa na kitunguu kwenye moto mdogo mpaka kikupe kila kilicho nacho.

Kwa watu wawili utahitaji fungu moja la vitunguu majani, gramu 100 hadi 120. Fungu la sokoni Kariakoo au Kongowea mara nyingi linapita hapo, kwa hiyo linatosha na kubaki. Mafuta ya alizeti au ya karanga, vijiko sita vya chakula. Soya sosi ya kawaida vijiko viwili vya chakula, na nusu kijiko cha ile nyeusi nzito kama unayo; kama huna, ongeza nusu kijiko cha ya kawaida. Sukari vijiko viwili vya chai. Tambi kavu gramu 180, yaani kidogo zaidi ya theluthi moja ya pakiti ya gramu 500. Konzi mbili za chainizi iliyooshwa, karanga za kukaanga kiasi cha kujaza kiganja, na limau. Mafuta ya nazi nayapenda mno kwenye mapishi mengine ya kitabu hiki, lakini hapa harufu yake inagombana na ya kitunguu, na kitunguu ndicho chenye shughuli.

Tuanze nacho. Kioshe, kisha kikaushe vizuri kwa kitambaa, maana tone la maji likiingia kwenye mafuta ya moto linaruka. Kata mizizi, tenganisha sehemu nyeupe na majani, halafu kata vyote vipande vya urefu wa kidole. Shina jeupe likiwa nene lipasue katikati. Weka mafuta kwenye kikaangio, tia zile nyeupe mafuta yakiwa bado hayajapata moto, washa moto mdogo, na baada ya dakika mbili au tatu tia majani.

Sasa angalia na usikilize. Mwanzoni mafuta yanachemka kwa mapovu makubwa na kelele nyingi. Hayo ni maji yanayotoka, maana kitunguu majani ni maji kwa takriban sehemu tisa kati ya kumi. Maadamu maji yangalimo ndani yake, joto la kitunguu halipandi sana kupita nyuzi 100, na kwa joto hilo hakiwezi kugeuka kahawia. Ndipo wengi wanapokosa subira na kuongeza moto. Matokeo yake ncha nyembamba za majani zinaungua na kuwa chungu wakati shina bado bichi ndani, na uchungu ule ukishaingia kwenye mafuta hautoki.

Uache moto ulivyo. Baada ya dakika saba au nane majani yanalegea na kusinyaa, kijani kinafifia, mapovu yanakuwa madogo na kelele inapungua mpaka unasikia mlio mwembamba tu. Maana yake maji yamekaribia kwisha na joto ndiyo kwanza linapanda. Rangi inaanza pembezoni, njano kwanza, halafu kahawia, na kuanzia hapo usiondoke jikoni hata kwa simu. Geuza kwa mwiko kila baada ya nusu dakika. Majani yatatangulia; yatoe yakiwa ya kahawia na makavu, kabla hayajawa meusi, uyaweke kwenye sahani. Zile nyeupe ziache dakika mbili tatu zaidi. Kazi yote hii inachukua dakika 15 hadi 20 kwenye gesi. Kwenye jiko la mkaa punguza makaa mpaka yabaki machache, au inua kikaangio mara kwa mara, kwa sababu mkaa haukupi moto mdogo kwa kugeuza kitufe.

Kinachotokea humo kinastahili kueleweka. Harufu ya kitunguu inatokana na viini vya salfa, na vingi kati ya hivyo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukali unaotoa machozi unapungua kwa joto, utamu uliokuwa umefunikwa na ukali huo unajitokeza, na mafuta yanabeba harufu yote. Tambi haishiki kitunguu, inashika mafuta. Kwa hiyo ladha ikishahamia kwenye mafuta, kila uzi wa tambi utaipata, hata ule usiokutana na kipande cha kitunguu.

Vitunguu vikishatoka, mimina nusu ya mafuta hayo kwenye chupa safi yenye mfuniko na uiweke pembeni. Yaliyobaki kikaangoni ndiyo ya leo. Zima moto, subiri kama dakika moja, kisha tia sukari na soya sosi. Usiruke hiyo dakika ya kusubiri, maana soya sosi ina maji mengi, na ikikuta mafuta yenye joto kali itakurukia usoni. Rudisha moto mdogo sana, koroga mpaka sukari iyeyuke na mchuzi utoe mapovu mazito, sekunde 30 au 40, basi. Ukizidisha, chumvi inajikusanya na sukari inaanza kuungua.

Soya sosi ndiyo inayofanya kazi ambayo wengi wetu tumezoea kuiachia nyama. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani unaoitwa kombu akitafuta chanzo cha ladha ile nzito isiyo tamu, chungu, chachu wala ya chumvi. Akaikuta kwenye glutamati, na ladha yenyewe akaiita umami. Glutamati imo kwenye nyama, na imo pia kwenye nyanya iliyoiva, uyoga, na kwa wingi kwenye soya sosi, kwa sababu soya na ngano zinaumuliwa kwa kuvu na kulazwa kwenye maji ya chumvi kwa miezi mpaka protini zake zivunjike. Kwa hiyo nunua iliyoumuliwa, siyo maji ya chumvi yaliyotiwa rangi. Lebo ya nzuri inataja soya, ngano, maji na chumvi, na huwa haiendelei sana baada ya hapo. Kwa familia za Kiislamu nina neno moja zaidi: uumuaji huo wa asili huzalisha alkoholi kidogo ndani ya sosi, kwa hiyo anayetaka uhakika atafute chupa yenye alama ya halali, nazo zipo madukani.

Na kwa kuwa sosi yenyewe imejaa chumvi, usiongeze chumvi popote kwenye pishi hili, hata kwenye maji ya tambi.

Tambi nazo zina habari yake. Pwani yetu haikuanza kuzijua jana. Tambi za sukari, tui na iliki zimo kwenye futari za Ramadhani, na spageti yenye mchuzi ni chakula cha kila siku kwenye nyumba nyingi za Wasomali, Eastleigh hadi Mogadishu. Za Shanghai ni za namna nyingine, nyembamba na mbichi, na kwenye duka la mtaani hutazipata. Utakachopata ni spageti kavu, pengine na pakiti za tambi za kupika haraka, zile zilizotokana na ubunifu wa Momofuku Ando, aliyetoa za kwanza huko Japani mwaka 1958. Tambi nyingi za namna hiyo zimeshapikwa kwa mvuke na kukaangwa kwenye mafuta kiwandani, ndiyo maana zinaiva kwa dakika tatu. Ukiwa na haraka zitumie, pakiti mbili kubwa, utupe kile kifuko cha viungo na upunguze mafuta ya kitunguu kwa kijiko kimoja. Lakini mimi nakushauri uchukue spageti nyembamba kuliko zote dukani, kwa sababu kuna njia ya kuifanya iwe na mvutano na ulaini wa tambi za Asia ya Mashariki, na njia hiyo wapishi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa vyakula vingine.

Ni magadi. Bibi zetu wanaotia magadi kwenye makande ili yaive upesi na kwenye mlenda ili uteleze wanatumia kemia ile ile ambayo Wachina na Wajapani hutumia kwenye tambi zao za njano. Maji yenye alkali hubana protini ya ngano, tambi zinakuwa na mvutano zaidi, na unga wa ngano unageuka rangi ya njano hata bila yai. Wapishi wa Lanzhou, kaskazini magharibi mwa China, wana desturi ya kupata alkali hiyo kutoka kwenye majivu ya mmea wa jangwani, kama vile Waluhya wa magharibi mwa Kenya wanavyopata musherekha kwa kuchuja maji kwenye majivu ya maganda ya maharage.

Hata hivyo, kwa tambi hizi usitie magadi ya mawe kutoka sokoni. Watafiti wameyapima magadi ya kaskazini mwa Tanzania na kukuta mengine yana floridi nyingi, ile ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia katika maeneo ya Arusha na Kilimanjaro. Tumia bikabonati ya kupikia ya pakiti, ambayo kiwango chake unakijua.

Chemsha lita mbili za maji kwenye sufuria kubwa. Yakichemka, tia kwanza chainizi, dakika moja tu, itoe uikamue. Hiyo itangulie bikabonati, wala isiifuate. Alkali inaacha majani yakiwa na kijani cha kupendeza machoni huku inayafanya kuwa ujiuji na kuua vitamini C, na sioni sababu ya kununua mboga nzuri ili kuifanyia hivyo. Chainizi ikishatoka, tia bikabonati vijiko viwili vya chai kwa kila lita, kidogo kidogo, kwa kuwa maji yatafura povu kwa ghafla na sufuria iliyojaa itamwagika hadi kwenye jiko. Povu likitulia tia tambi, ukoroge dakika ya kwanza zisishikane.

Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti zichukue kama dokezo tu. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi kama 94, na Mbeya ni vivyo hivyo. Hapo yatachemka mbele yako kwa fujo zote na bado tambi zichelewe, dakika moja au mbili zaidi, wakati mwingine tatu. Anza kuonja dakika moja kabla ya muda wa pakiti. Uma uzi mmoja uutazame ulipokatika: ukiona nukta nyeupe katikati bado, subiri, nukta ikitoweka na uzi ukawa bado unakaza kidogo menoni, mwaga mara moja kwenye chujio. Mimina juu yake birika zima la maji moto kuosha bikabonati, maana ikibaki chakula kitakuwa na ladha ya sabuni. Kwa sababu hiyo hiyo, ule ushauri wa Kiitaliano wa kutunza maji ya tambi kwa ajili ya kulainisha mchuzi usiufuate leo. Mchuzi ukikauka, tumia kijiko cha maji moto ya kawaida.

Chujio likishamaliza kudondosha maji, tia tambi kwenye kikaangio chenye mchuzi, moto ukiwa umezimwa, ugeuze kutoka chini kwenda juu mpaka kila uzi uwe na rangi moja. Gawa kwenye mabakuli mawili, panga chainizi ubavuni, rudisha vitunguu vilivyokaushwa juu, nyunyiza karanga ulizozitwanga kidogo, na weka kipande cha limau. Limau si desturi ya Shanghai, ni la kwetu, na nalisimamia: tambi hizi ni nzito kwa mafuta na sukari, na matone machache ya ukali yanazifungua. Mpenda pilipili aweke mbichi iliyokatwa nyembamba, juu, asiipike.

Kuhusu wawili. Mapishi mengi yaliyoandikwa Kiswahili yanafikiria sinia, na mtu anayeishi na mwenzake tu, au mama na mwanawe mmoja, anaambiwa agawe vipimo kwa tatu. Haitoshi kugawa. Maji hupotea kwa kadiri ya upana wa chombo, siyo kwa wingi wa chakula, kwa hiyo mchuzi wa watu wawili kwenye kikaangio cha watu sita unakauka na kuungua kabla hujageuka. Pishi hili linataka kikaangio cha sentimita 20 hadi 24, ambamo vijiko sita vya mafuta vinapata kina cha kutosha kuogesha kitunguu. Kikaangio kikiwa kipana zaidi, vitunguu vinalala juu ya utando wa mafuta, upande mmoja unaungua na mwingine unabaki mbichi. Na kupika kidogo kuna faida ambayo sinia haina. Tambi za wawili zinafika mezani zote kwa pamoja, za moto, dakika ile ile zilipochanganywa, na chakula hiki kinapoteza nusu ya uzuri wake kikipoa.

Aliyezoea ladha ya kitoweo cha bahari na akaona bakuli lina pengo, aloweke uyoga mkavu, vipande vitatu au vinne, katika maji moto nusu saa, aukamue, aukate vipande vyembamba na kuukaanga pamoja na zile nyeupe katika dakika za mwisho. Yai la kukaanga juu linafaa kwa anayekula mayai. Lakini ukialika mgeni asiyekula nyama muulize kwanza, maana makundi ni mengi. Asiyegusa chochote cha mnyama atataka usome pakiti ya tambi, kwa kuwa baadhi zina mayai ndani. Wajaini, ambao wamo Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam miaka mingi, hawali kitunguu wala kitunguu saumu. Hata huko China, watawa wa Kibuddha wasiokula nyama hawaligusi bakuli hili, kwa kuwa vitunguu na jamii yake yote vimekatazwa kwenye mahekalu yao. Mgeni wa namna hiyo mpikie tambi za uyoga na tangawizi zilizo kwenye sura ya tisa.

Ile chupa ya mafuta uliyoweka pembeni ifunike ikishapoa, uiandike tarehe na kuiweka kwenye friji, usiiache juu ya kabati, na uimalize ndani ya wiki moja. Kijiko kimoja kinageuza wali mweupe uliobaki, viazi vya kuchemsha, au tofu iliyokaangwa. Vijiko vitatu na soya sosi mbichi ni tambi nyingine za wawili kabla ya Jumamosi, na safari hiyo kazi yote ni kuchemsha maji.